Fimbo ya kuvulia kwa nzi mtoni: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kwa mwenye haraka: nunua fimbo ya futi 8 na nusu au 9, namba 4, inayopinda mpaka katikati, na pesa itakayobaki iweke kwenye mshipi wa kuvulia. Kwa mito mingi ya trauti, samaki wa maji baridi, hiyo inatosha. Asiye na haraka tuendelee, maana dukani huenda ukasukumiwa kitu kingine kabisa.

Tuanze na ile namba iliyoandikwa juu ya mpini. Wengi hudhani ni nguvu ya fimbo au ukubwa wa samaki. Sivyo. Ni uzito wa mshipi unaoifaa fimbo hiyo. Nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi, ni mwepesi mno kurushika peke yake. Kinachorushwa ni mshipi, naye nzi hufuata nyuma. Uzito huo hupimwa kwenye futi 30 za mwanzo za mshipi, kama mita 9 hivi: namba 3 ni karibu gramu 6.5, namba 4 ni 7.8, namba 5 ni 9.

Sasa ingia mtoni. Maji yanakufika magotini, trauti anakula juu ya maji mita saba mbele yako. Ondoa urefu wa fimbo, ondoa uzi wa nailoni unaounganisha mshipi na nzi, na utaona kwamba mshipi uliotoka nje ya fimbo haufiki hata mita tatu. Fimbo ngumu iliyoundwa ipindishwe na mita 9 za mshipi haitasikia chochote. Utaipiga hewani kama unafukuza nyuki, na nzi ataanguka rundo moja na uzi wake. Fimbo hizo ngumu ndizo zinazopendeza ukizijaribu kwenye uwanja wa nyasi, ambako kila mtu anataka kufikisha mita 20. Mtoni mita 20 ni za nadra, na hata ukifika, mikondo iliyo katikati itauburuta mshipi kabla samaki hajamwona nzi. Kwa hiyo ukienda kujaribu fimbo, toa mshipi mara mbili ya urefu wa fimbo tu, rusha, usikilize mkononi kama inapinda.

Kwa kipimo hicho, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza: futi 8 na nusu hadi 9, namba 4, kaboni, vipande vinne. Inamtua nzi wa kuelea polepole, inabeba nzi mdogo wa kuzama mwenye shanga kichwani, na haivunji uzi mwembamba samaki anaporuka. Kama mto wenu ni mpana na una upepo, chukua namba 5 badala yake, hutapoteza kikubwa. Namba 6 iachie maziwa na nzi wakubwa.

Ya pili: futi 10, namba 3. Hii ni ya kuvua nzi wazito karibu na sakafu ya mto, mtindo uliokuzwa sana na washindani wa Poland, Jamhuri ya Cheki, Ufaransa na Hispania. Mshipi wa kawaida haugusi maji kabisa. Unashika fimbo juu, uzi mrefu wa nailoni unashuka moja kwa moja, na katikati yake pana kipande chenye rangi kali unachokitazama: kikisita, unavuta. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, hivyo mwenye fimbo hii mara nyingi ndiye anayewashinda wenzake kwa idadi. Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu kumrusha nzi wa kuelea kwa fimbo ndefu laini hivyo, upepo ukiwa usoni, ni adhabu. Ukishakuwa na ya kwanza, ya kufuata iwe hii.

Ya tatu: futi 7 hadi 7 na nusu, namba 3. Ya vijito vilivyofunikwa na matawi. Hapa ndipo faibaglasi inapoizidi kaboni, kwa kuwa hupinda kwa uzito kidogo sana. Lakini usidanganyike kwamba kijito kidogo lazima fimbo fupi. Kama kuna nafasi juu ya kichwa, ile ndefu huuinua mshipi usishikwe na mikondo.

Ya nne: tenkara. Fimbo ya Kijapani isiyo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), ya mita 3.3 hadi 4.5, uzi umefungwa kwenye ncha. Rahisi kujifunza na nyepesi kubeba. Samaki mkubwa akiamua kuteremka na mkondo, huna uzi wa kumwachia. Unamfuata kwa miguu. Soma kwanza kanuni za klabu ya uvuvi ya mto wenu, uone kama inaruhusiwa.

Ya tano: boksi la mwanzo, kila kitu ndani. Fimbo yenyewe huwa si mbaya. Tatizo ni mshipi: mgumu, umejikunja kama ulivyokaa kwenye rili, na unazama ncha. Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukilichukua, badilisha mshipi mapema.

Fimbo za mwanzi, zile za vipande sita vilivyochongwa na kugandishwa kwa gundi, sikuzipanga. Ni nzuri, ni ghali, na si za mtu anayeanza.

Kabla hujatoa pesa yoyote, jiunge na klabu, au angalau jitokeze siku ya kazi mtoni: kufyeka matawi, kuokota takataka, kupindua mawe na kuhesabu wadudu wa majini. Baada ya kazi watu hutoa fimbo zao na kuazimana. Muulize katibu kama kuna daftari la samaki waliovuliwa, nalo litakuambia kama mto wenu ni wa nzi wa kuelea au wa kuzama, jambo ambalo muuzaji hawezi kulijua. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, na vikao vya klabu za uvuvi vina wachagua jembe wa kutosha. Wasikilize, ila mfuate yule ambaye fimbo yake imechakaa mpini.

Huko huko ndiko utakakopata ya mkono wa pili. Ikague hivi. Panga vipande vyote sambamba mezani. Fimbo nyingi vipande vyake hulingana, basi cha ncha kikipungua kwa upana wa kidole, kilivunjika. Pitisha pamba ndani ya kila pete: nyuzi zikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi wako. Unganisha, itikise kidogo, na usikilize maungio. Yakigonga, mrudishie mwenyewe.

Rili usiigharimie, kwa trauti wa mtoni kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi. Mshipi ndio wa kugharimia. Chagua unaoelea, wa namba ileile ya fimbo, na kama kuna uliochongwa mwembamba pande zote mbili, chukua huo: ncha moja ikichakaa, unaugeuza na kuendelea kuvua kwa ncha ya pili.