Genius ya Booking.com kwa vyumba vya Dodoma: inalipa, ila si msimu wa Bunge la Bajeti

Genius ni mpango wa punguzo kwa wateja wa Booking.com, tovuti ya kuweka nafasi za hoteli. Daraja la kwanza hupatikana kwa kujisajili tu: punguzo la asilimia 10 kwenye hoteli zinazoshiriki. La pili linataka malazi matano yaliyokamilika ndani ya miaka miwili. Punguzo hufika asilimia 15, na baadhi ya hoteli huongeza kifungua kinywa bure au chumba kikubwa zaidi. Soma vizuri hapo: baadhi. Kama faida haikuandikwa kwenye uthibitisho wa nafasi yako, mapokezi hawadaiwi kitu.

Kwa safari za kikazi Dodoma, daraja la pili ndilo lenye maana. Chumba cha 150,000 kinaweza kushuka hadi 127,500. Ila angalia malipo. Kadi inayorudisha asilimia 2 inakupa 2,550, lakini hoteli ikiongeza asilimia 3 kwa kulipia kwa kadi, unatoa 3,825. Umepoteza 1,275, basi lipa kwa simu au taslimu. Ukilipa kwa kadi, hakikisha mashine inaonyesha shilingi kabla ya kuingiza namba ya siri. Dola hukuletea ubadilishaji mara mbili.

Kuanzia Aprili hadi Juni, wabunge na watumishi wakijaa mjini, vyumba vikubwa vya kuongezewa bure huwa adimu. Kipindi hicho weka nafasi mapema, chagua inayofutika bila gharama, kisha piga simu hotelini kuulizia jenereta na maji. Mwenye shughuli Mtumba, ulipo mji wa serikali nje ya katikati ya Dodoma, asivutwe na punguzo la katikati ya mji. Bodaboda za kwenda na kurudi zitalimeza.