Sofa kitanda, meza ya ukutani na pufu mbili kwenye sebule ya futi 10 kwa 12

Naanza na sebule yenyewe maana bila hiyo hamtanielewa. Nakaa apatimenti ghorofa ya tatu huku Tabata, chumba kimoja, sebule na jiko la kugeukia tu, sebule ni futi 10 kwa 12, kwa sentimita ni kama 305 kwa 366, hapo toa mlango wa kuingilia, toa mlango wa balkoni, toa njia ya jikoni, unabaki na ukuta mmoja na nusu wa kuegemeza vitu. Nilikuwa na sofa zile kubwa za mikono minene nilizopewa na dada alipohama, mkono wa sofa peke yake unakaa mtu, yaani ukiingia ndani unaona sofa tu, binadamu tunapenya. Nikauza zote nikasema sasa nanunua vitu vya kubana nafasi. Vimekuja vitatu kwa nyakati tofauti na kimoja najuta mpaka leo.

Chenyewe ni sofa kitanda. Nilinunua duka moja la barabarani kwa laki 8 na nusu. Muuzaji akaivuta kwa mkono mmoja, shwaa, kitanda hicho hapo, "dada hii ndo ya apatimenti, mgeni akija unafungua, akiondoka unafunga." Mi nikatoa tepu kwenye mkoba nikajiona mjanja kweli, nikapima, urefu 210, kina 95, ukuta wangu unaichukua, nikalipa. Sasa kosa ni hilo hapo, nimeipima imefungwa. Duka lenyewe ni ukumbi wa harusi, hata basi ungelifungua mle ndani ungeona lina nafasi.

Kupandisha ghorofani ni stori nyingine, vijana wanne, kwenye kona ya ngazi ikagoma kugeuka ikabidi tufungue miguu na mgongo mmoja mmoja, nikaongeza elfu 20 ya jasho. Tuyaache.

Mwezi wa sita mama akaja kutoka Muheza. Nikafungua kitanda kwa mbwembwe. Ikifunguliwa ile inatoka mpaka sentimita 220 kutoka ukutani, na upande wa pili kuna stendi ya tivi ya kina cha 45, sasa 305 toa 220 toa 45 inabaki 40, ndo njia yangu hiyo. Meza ya katikati haina pa kwenda, nikaipeleka jikoni nikaisimamisha mbele ya friji. Saa nane usiku nimeamka na kiu, natembea ubavu ubavu kama kaa, mkono mmoja nimeishika tivi isije ikaangukia mama, nafika jikoni friji halifunguki maana meza iko pale. Mama gizani huko, "mwanangu unatafuta nini?" Nikasema hamna mama, lala. Nikarudi na kiu yangu.

Na mama hakulalamika. Asubuhi ya kwanza alinyoosha mgongo tu akaendelea na chai. Ya pili akasema "leo nitandikie chini." Kuna chuma katikati pale sehemu mbili zinapokutana, ukikaa mchana hukisikii, ukilala kinakuja mbavuni moja kwa moja. Sponji nayo, miezi minane tu pale ninapokaa mimi pameshazama unasikia mbao. Nikarudi dukani nikaambiwa waranti ni ya fremu, sponji haimo. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba sponji haiangaliwi unene, inaangaliwa uzito, mita moja ya ujazo ina kilo ngapi, nyepesi inakuwa laini tamu pale dukani ndo maana tunaipenda, halafu inakufa mapema. Ulizeni hilo swali, na mkiona muuzaji anabonyeza kwa kidole tu anasema "hii orijino" ondokeni.

Kitu ambacho ningefanya kabla ya kununua nilikifanya baada ya mama kuondoka. Nilichukua doti ya khanga nikazitandika sakafuni zikipakana. Khanga moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo mbili zikilala ubavu kwa ubavu zinakupa karibu 150 kwa 220, na hiyo hata sio sofa yote maana urefu wake ni 210. Nikatembea kuzunguka khanga zangu kwenda jikoni, kwenda balkoni, kufungua mlango. Dakika tano tu nikaona kila kitu ambacho laki 8 na nusu ilikuwa inanificha. Fanicha ya kukunja ipime ikiwa wazi jamani, ikiwa imefungwa inadanganya.

Cha pili ni meza ya ukutani ile ya kukunja, unaiinua unakula au unaweka laptopu, ukimaliza unaishusha inalala ukutani. Hii nilitengenezewa Keko na mzee mmoja fundi, elfu 95. Nilienda na picha kwenye simu, nikajifanya najua, nikasema mzee nataka mninga. Akacheka. "Mninga mzuri lakini mzito, meza hii inaning'inia kwenye bawaba, utazichosha bure, mninga tuwekee kitanda." Akanishauri plaiwudi juu na fremu ya paini, ila paini iliyokauka, akanionyesha mbao mbili, moja nyepesi na moja nzito yenye ubaridi ukiigusa, akasema hii mbichi nikikupigia leo baada ya mwezi imejipinda meza haifungi. Nikasubiri wiki mbili akaushe mbao, mara tatu nikapiga simu, mara tatu "kesho dada". Lakini ilipokuja ikaja kweli, ubao 90 kwa 50, ikishushwa inatoka ukutani sentimita 8 tu, bawaba moja ndefu ya upande mzima badala ya vile viwili vidogo.

Mwenye nyumba wangu ni mkali kwenye kutoboa ukuta, ikabidi nimuombe kwanza, na fundi akagonga kusikia ni tofali au ni jipsam. Kama kwako ni jipsam tupu msithubutu, itashuka na ugali wenu. Na huu ndo uzuri wa hii meza kuliko sofa, kuifunga ni sekunde mbili ndo maana kila siku inafungwa kweli. Sofa kitanda mpaka utoe mito, utoe shuka, usogeze meza, matokeo yake mgeni wa wiki moja kitanda kinabaki wazi wiki nzima.

Pufu sina mengi, boksi mbili za kukalia zenye kifuniko, elfu 45 moja, ndani zimemeza shuka za wageni, pasi na waya zote za sebuleni, na ndo meza ya katikati yangu siku hizi nikiweka sinia juu. Kasoro ni kifuniko kinaanguka chenyewe, kama una mtoto mdogo dai kizuizi.

Ah na stendi ya tivi, ile ya bodi iliyokaa chini kabisa bila miguu, hali ya hewa ya Dar hii na kudeki kila siku, chini imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chukueni yenye miguu dekio lipite chini.

Mama alipokuwa anaondoka aliniachia mkeka wake. Mchana naukunja nausimamisha nyuma ya mlango, kando ya mbuzi ya kukunia nazi, na yenyewe nikaitazama siku hiyo nikacheka, kiti cha kukunja kisicho na bawaba hata moja kiko jikoni kwetu miaka yote. Mgeni akija sasa namtandikia mkeka na juu yake godoro lile la kukunja mara tatu, njia ya jikoni iko wazi, friji linafunguka.

Sofa naiuza laki 4. Juzi kaja kaka mmoja akaivuta, shwaa, akaipenda, nikamuuliza sebule yako futi ngapi akasema hajui. Nimemwambia arudi Jumamosi na vipimo, na vijana wanne, ngazi ni zile zile.