Krosova niliyonunua Kariakoo na twita zilizoungua

Naandika tathmini hii hasira ikiwa haijaniisha, na sioni kwa nini nisubiri iishe. Miezi michache iliyopita nilinunua krosova ya elektroniki, kifaa kinachogawa sauti ili kila spika ipate sehemu yake, katika duka moja la vifaa vya muziki wa magari huko Kariakoo, nikalipia ufungaji hapohapo, na haukupita muda mrefu twita zangu zote mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikawa zimeungua.

Nilijua ninachokitafuta. Krosova za kawaida zinazouzwa pamoja na spika, zile zenye koili na kapasita, huigawa sauti ikiwa imeshatoka kwenye amplifaya, kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea njiani kwa joto. Ya elektroniki huigawa mapema, kabla haijakuzwa, na sabufa ya besi, midi ya sauti za kati na twita kila moja ikapata amplifaya yake. Mpenzi wa taarabu aliyewahi kusikia kanuni, ala ile ya nyuzi, ikimezwa na besi ndani ya gari ataelewa kwa nini niliikubali gharama hiyo.

Pale kaunta swali langu la kwanza lilikuwa hili: krosova hii hukata kwa desibeli 12 au 24 kwa kila oktava? Si swali la kujionyesha; namba hiyo huonyesha jinsi sauti isiyoihusu spika inavyokatwa kwa ukali. Mkato wa 24 unaojulikana kwa majina ya wahandisi Linkwitz na Riley huzifanya spika mbili zijumlishe sauti sawasawa pale zinapopokezana, ilhali ule wa 12 mara nyingi hulazimu kugeuza chanya na hasi ya spika mojawapo, la sivyo sauti hudhoofika palepale kwenye mapokezano. Kijana wa kaunta hakujibu. Alitazama nyuma yangu kana kwamba nimeongozana na mtu, kisha akasema, "Dada, mwambie shemeji aje mwenyewe, mimi na yeye tutaelewana." Nikamwambia, "Kaka, gari ni langu, fedha ni zangu, na aliyeuliza ni mimi." Akacheka, akamwita fundi aanze kufungua dashibodi. Swali langu halijajibiwa na mtu yeyote wa duka lile mpaka leo.

Sasa nije kwenye uharibifu wenyewe. Upande wa twita, kifaa hiki kina kitufe cha kuzungusha cha kuchagua sauti ianzie wapi, kilichoandikwa 50 hadi 250, na swichi ndogo inayozidisha namba hizo mara 20. Swichi hiyo imewekwa ubavuni, mahali ambapo kifaa kikishafungwa kwa skrubu chini ya kiti, jicho halifiki. Fundi alizungusha kitufe hadi 150, na angekuwa sahihi kabisa kama swichi ingekuwa kwenye 20, kwa sababu twita ingeanzia 3,000 Hz, kwenye sauti nyembamba. Aliiacha kwenye 1. Twita, spika ndogo yenye koili ya waya mwembamba, ikawa inapelekewa sauti kuanzia 150 Hz, yaani mzigo wote wa midi. Wala hakuweka kapasita ya kinga kwenye waya wa twita, kitu cha bei ndogo kinachoizuia sauti nene, ambacho fundi makini hakiachi anapounganisha twita moja kwa moja na amplifaya.

Kwa siku kadhaa sauti ya mwimbaji ilikuwa ikikwaruza kila inapopanda. Nilirudi dukani, nikaambiwa kwamba spika mpya lazima zizoee. Twita ya kulia ikazimika, ya kushoto ikafuata. Niliporudi tena, yule kijana alinionyesha maandishi kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikuwa nimeomba kurudisha bidhaa! Niliomba walipe walichokiunguza kwa mikono yao. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Mstari uliochapwa chini ya risiti hauwezi kufuta uzembe wa fundi.

Aliyenitoa kwenye kiza ni fundi mmoja wa Temeke, mtu mzima, ambaye alifungua kiti, akamulika tochi na kuniita: "Binti yangu, njoo uone kwa macho yako." Aliigeuza swichi, akafunga kapasita na twita nyingine nilizonunua, kisha akaihamisha ethi, waya unaounganisha kifaa na bodi ya gari, kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na mlio wa spika uliokuwa ukipanda kila ninapokanyaga mafuta ukakoma. Kuhusu swali langu, alinionyesha ukurasa wa kijitabu ulioandika 24, kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi siku zote.

Ni lazima niwe mkweli kuhusu nilichokisikia baada ya hapo. Fidla zilitulia mbele ya kioo, kanuni ikasikika uzi kwa uzi, na besi ikabaki chini bila kumgusa mwimbaji. Sijawahi kusikia gari langu hivyo, na kwa sauti ile nilikuwa tayari kuwahimiza wote wainunue.

Lakini kila nikiikumbuka ile swichi, uradhi huo hunitoka. Mtengenezaji aliyejua kwamba swichi moja inaweza kuunguza spika aliiwekaje ubavuni, kwa maandishi yasiyosomeka bila tochi? Anayechagua krosova aigeuze pande zote kabla ya kulipa, na kama kuna kitufe au swichi yoyote isiyokuwa upande wa mbele pamoja na nyingine, airudishe kwenye rafu, hata ikisifiwa namna gani. Nilikusudia kukipa kifaa nyota nne. Nimezipunguza hadi mbili. Duka halitapata hata moja kwangu mpaka nilipwe twita zangu, na risiti ninayo.