Lee Loader ya .30-06, baada ya mtutu kusafishwa sawasawa

Anayenunua Lee Loader, kifaa cha mkono cha kujazia upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, akitumaini kwamba bunduki yake ya zamani itaanza kupiga shabaha vizuri siku hiyohiyo, atakuwa ametanguliza la pili na kuliacha la kwanza. Kifaa ni kizuri, na sababu nitazieleza. Lakini sehemu kubwa ya usahihi nilioupata ilitokana na fimbo, brashi na vipande vya kitambaa, kabla sijashika nyundo wala kipimo cha baruti. Kwa hiyo tathmini hii itakaa kwanza kwenye usafi.

Bunduki yenyewe ni Winchester Model 70, iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, na kazi yake ni kuwinda kulungu wa mkia mweupe hapa Wisconsin, Marekani, katika msimu wa siku tisa unaoanza Jumamosi iliyo kabla ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Model 70 iliingia sokoni mwaka 1936. Risasi inayotumia, .30-06, ni kongwe zaidi, kwani jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1906, na tangu hapo imesambaa karibu kila mahali panapowindwa wanyama, yakiwemo mapori ya Tanzania.

Nilipoinunua, ndani ya mtutu palionekana panang'aa ukipamulika kwa taa. Mng'ao huo hauthibitishi chochote, kwa sababu uchafu wa mtutu ni wa aina mbili na mmojawapo unang'aa wenyewe. Wa kwanza ni masizi ya baruti, meusi, ambayo hukusanyika zaidi mbele tu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na kugeuka gamba gumu kutokana na joto. Wa pili ni shaba. Kichwa cha risasi ya kisasa ya kuwindia huwa kimevikwa gamba la mchanganyiko wa shaba, kwa kawaida asilimia 95 shaba na asilimia 5 zinki, na kila kinapopita kwa kasi huacha utando mwembamba kwenye ile mifereji ya mzunguko inayokipa msokoto. Utando ukijaa pasipo usawa, kila risasi hupita kwenye njia iliyobanwa tofauti kidogo na ile iliyotangulia, na matundu kwenye karatasi ya shabaha huanza kutawanyika. Mwenye bunduki hulaumu darubini, kisha risasi za dukani, kisha bega lake.

Dawa niliyoanza nayo ni Hoppe's No. 9, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1903 na harufu yake inajulikana kwa kila aliyewahi kuingia nyumba ya mwindaji wa Kimarekani. Kwa masizi ni dawa nzuri na ya upole, unayoweza kuiacha usiku kucha ndani ya mtutu bila wasiwasi. Kwa shaba iliyokaa miaka mingi ni ya polepole mno, na hapo ndipo zinapohitajika dawa kali zenye amonia, ambazo zinadai hadhari: madirisha wazi, glavu mkononi, na muda ulioandikwa kwenye chupa uheshimiwe, maana zikikaa mno zinaweza kuuharibu mtutu. Ukishamaliza nazo, toa mabaki yote kwa vitambaa vikavu, kisha upitishe mafuta.

Kazi ilikwenda hivi. Vitambaa vya kwanza vilitoka vyeusi tii, vikafuatiwa na vya kijivu, na mtu asiye na subira angefunga kazi hapo. Nilipopitisha dawa ya amonia na kusubiri, kitambaa kilichofuata kilitoka bluu kama maji ya bluu ya kufulia, dalili ya shaba iliyoyeyuka, na rangi hiyo ilirudi kila jioni kwa siku kadhaa, ikififia taratibu hadi kikatoka cheupe. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ncha nyingi za fimbo hutengenezwa kwa shaba ya njano, na brashi nyingi kwa shaba nyeusi, nazo pia huliwa na amonia na kutoa bluu ileile, hivyo mtu anaweza kuendelea kuusugua mtutu uliokwisha kutakata kwa kuifuata rangi inayotoka kwenye fimbo yake mwenyewe. Tumia brashi ya nailoni na ncha isiyo ya shaba katika hatua hiyo, na rangi itakuambia kweli.

Jambo jingine ni njia ya fimbo. Iingie kutoka nyuma, upande wa chemba, baada ya kuchomoa komeo, tena ikipita ndani ya bomba la kuiongoza ili isiparuze kuta. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa na chuma. Ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka kwa kuchepuka na kukisukuma kichwa cha risasi pembeni kikiwa ndiyo kwanza kinatoka. Zile fimbo za vipande vitatu vya alumini zinazouzwa pamoja na seti za bei nafuu hupinda kidogo kwenye maungio, na kwa kuwa alumini ni laini, hushika chembe za mchanga. Nunua fimbo ya kipande kimoja. Ghali, ndiyo, lakini mtutu mpya ni ghali zaidi.

Sasa matokeo. Kabla ya usafi nilikuwa nimekwisha kukaza skrubu za darubini na za kitako, ili mabadiliko yoyote yasije yakasingiziwa dawa. Kwa risasi za dukani, zote za kundi moja la utengenezaji, matundu matano kwa yadi 100 yalienea kiasi cha sentimita tisa. Baada ya usafi, kwa risasi zilezile, yalienea sentimita nne na kidogo. Nasisitiza matundu matano, kwa kuwa matundu matatu yaliyokaribiana mara nyingi ni bahati tu, na picha nyingi za kujisifu ni za matatu. Lakini pia, mtutu uliotoka kusafishwa na kutiwa mafuta mara nyingi haupeleki risasi ya kwanza mahali pake. Ufute ukauke, upige risasi moja mbili za kuuchafua kidogo, ndipo uanze kupima. Kwa sababu hiyo mimi siusafishi mtutu usiku wa kuamkia siku ya kuwinda.

Hapo ndipo Lee Loader ilipopata nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Kampuni ya Lee Precision iko Hartford, humuhumu Wisconsin, na Richard Lee alianza na wazo hili mwaka 1958, kwanza kwa risasi za shotigani. Kinachouzwa ni kisanduku kidogo chenye vipande vya chuma, kikombe kimoja cha kupimia baruti na karatasi ya maelekezo. Nyundo ya plastiki au ya mbao unajitafutia. Hakuna mashine ya kufunga mezani, na yote yanafanyika juu ya kipande cha ubao.

Unaanza kwa kuing'oa fataki, kile kidude kinachoiwasha baruti, iliyokwisha kulipuka kwenye kitako cha ganda. Kisha ganda linapigwa kwa nyundo ndani ya kalibu hadi lilingane na ukingo, na shingo yake, iliyokuwa imetanuka wakati wa mlipuko, inarudi kubana. Fataki mpya inawekwa kwenye kipande cha chuma cha kuishikilia, kalibu yenye ganda inawekwa juu, na fimbo ndogo inagongwa polepole hadi fataki izame sawa na sakafu ya ganda. Baruti inamiminwa kupitia juu ya kalibu, kichwa cha risasi kinadondoshwa hapohapo, na kipande cha mwisho kinakigonga hadi kwenye kina ulichopanga kwa kuzungusha nati. Risasi moja iko tayari. Ni kazi ya taratibu, na mwindaji wa kulungu hahitaji risasi nyingi kwa mwaka.

Ubora wake mkubwa uko katika kile usichokifanya. Kalibu inabana shingo peke yake na kuliacha tumbo la ganda katika umbo lililochukua ndani ya chemba ya bunduki yako, kwa hiyo ganda linaporudi humo linakaa katikati bila kulegalega. Ubaya wake unatokana na jambo hilohilo: ganda lililopigwa katika bunduki nyingine huenda lisiingie katika yako, na hata ya kwako, baada ya kutumika mara kadhaa, huanza kuingia kwa kubana hadi yarudishwe umbo zima kwa mashine ya mezani. Kwa anayewinda nyati au mnyama yeyote anayeweza kumgeukia, nisingeshauri kabisa risasi za kubanwa shingo tu. Mwenye kazi hiyo anahitaji ganda linaloingia bila kusitasita.

Udhaifu ninaoupa uzito zaidi ni kile kikombe. Kinapima ujazo, si uzito, na kila mkono huchota kwa namna yake; tena karatasi ya maelekezo inakufunga kwenye orodha fupi ya baruti zinazokubaliana nacho. Nilinunua mizani ndogo inayopima kwa greni, ambapo greni 7000 ni ratili moja, nikawa nachota pungufu na kumalizia punje kwa punje hadi mizani itulie kwenye kiwango cha jedwali la mtengenezaji. Nikaongeza kalipa ya kupimia urefu na kifaa cha kukatia maganda, kwa sababu ganda la .30-06 hurefuka kadiri linavyotumika, na likizidi inchi 2.494 linaweza kubanwa mbele ya chemba na kupandisha shinikizo kwa namna ya hatari. Ukijumlisha vyote hivi, bei haiko tena mbali sana na ya mashine ya mezani ya kuanzia, na mnunuzi alijue hilo mapema.

Kwa vichwa vya uzito mmoja, maganda ya chapa moja yaliyokatwa urefu mmoja, na baruti iliyopimwa kwa mizani, matundu matano yalishuka chini kidogo ya sentimita tatu. Nilijaribu pia kuchagua maganda kwa uzito na kusawazisha matundu ya fataki, na kwa bunduki ya kuwindia sikuona tofauti inayostahili jioni zilizotumika. Kina cha kukaza kichwa kilikuwa na maana zaidi, ingawa urefu wa magazini unaweka mpaka wake.

Je, kulungu ataijua tofauti ya sentimita nne na tatu? Katika misitu ya hapa, ambako risasi nyingi hupigwa karibu, hataijua. Eneo la moyo na mapafu lina upana wa takriban sentimita 20. Tofauti ile ya tisa na nne ndiyo inayohesabika, kwa sababu kwa yadi 300 mtawanyiko wa tisa unakuwa 27 na kulivuka eneo hilo, na mnyama aliyejeruhiwa anakimbilia kichakani kufa polepole. Faida iliyoletwa na Lee Loader ni halali, lakini ni ya mtu anayependa ufundi wenyewe.

Usalama hauna mjadala. Kiwango cha baruti kinatoka kwenye kitabu cha jedwali cha mtengenezaji, na unaanzia chini, hauanzii juu. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Kwa kuwa fataki hapa inakazwa kwa nyundo, inaweza kulipuka kwa kelele kubwa. Vaa miwani na vizibo vya masikio, na weka kopo la baruti mbali na mahali unapogonga. Wapo wanaokwepa hatua hiyo kwa kifaa cha mkononi cha kukazia fataki, na mimi sasa ni mmoja wao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, nusu ya kwanza ya tathmini hii inafaa kama ilivyo, na kwa wenye magobori inabadilika kidogo tu: masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu na kuleta kutu haraka, hasa pwani, na dawa yake ni maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, kisha kukausha na mafuta. Nusu ya pili inagusa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni, lakini silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuzidhibiti, na mtu asiagize fataki, baruti wala kalibu kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya leseni za silaha. Fimbo ya kipande kimoja, brashi ya nailoni na chupa ya dawa anaweza kuanza nazo wakati akilisubiri.