Ziara ya Wasafavi mjini Isfahan: kupanda unasimuliwa, kuanguka ujitafutie

Nilichukua ziara ya siku mbili mjini Isfahan, ile inayouzwa kwa jina la Wasafavi, ukoo uliotawala Iran kuanzia 1501 hadi 1722, kisha kwa jina tu hadi 1736. Naishi Muscat, kwa hiyo kufika si kazi. Kampuni siitaji, maana mengine nitakayosema si ya kusifu.

Siku ya kwanza waliimudu. Mwongozaji wetu, mama mmoja mcheshi, alitukalisha kwenye nyasi za uwanja wa Naqsh-e Jahan, wenye urefu wa zaidi ya mita 500, akaanza na Ismail: kijana wa miaka 14 anaingia Tabriz na wapiganaji wake wa kofia nyekundu, anajitangaza shah, anaufanya Ushia kuwa dini ya dola. Kisha akaruka moja kwa moja hadi kwa Abbas wa Kwanza, aliyehamishia makao makuu Isfahan mwaka 1598. Nguzo za mawe za goli la polo bado zimesimama pale uwanjani. Peke yangu ningezipita. Yeye alitupeleka tukazishika. Juu kabisa katika jumba la Ali Qapu kuna chumba cha muziki, kuta na dari zimetobolewa maumbo ya chupa na vyombo ili sauti itulie. Kwa chumba hicho tu sikuionea uchungu hela yangu.

Alipogusia Hormuz, kisiwa ambacho Abbas aliwanyang'anya Wareno mwaka 1622 kwa msaada wa meli za Waingereza, nilimwambia Wareno hao hao walitolewa Muscat 1650 na Fort Jesus, Mombasa, 1698, mara zote mbili na Waomani. Akatoa daftari akaandika. Mtu wa namna hiyo nampenda.

Siku ya pili ndiyo iliyoniudhi. Anguko zima la ufalme lilipewa dakika chache ndani ya gari: "walizoea anasa, wakalegea." Basi. Halafu tukashushwa kwenye duka la mazulia, chai juu ya chai, mpaka adhuhuri ikapita. Ilibidi nimbane kwa maswali ndipo aseme la maana. Abbas aliwaogopa wanawe. Mmoja, Safi Mirza, aliamuru auawe mwaka 1615, wengine wakapofushwa. Baada yake wana wa mfalme walifungiwa na kulelewa ndani, jeshi hawalijui, majimbo hawajayaona. Soltan Hoseyn alitolewa humo akakalishwa kwenye kiti mwaka 1694. Machi 1722 Waafghani wa Mahmud walilishinda jeshi lake Gulnabad, wakauzingira mji hadi njaa ikaua watu wengi, na Oktoba akaenda mwenyewe kumkabidhi Mahmud utawala. Yaani mbegu ya anguko ilipandwa na Abbas huyo huyo tuliyemshangilia jana yake! Hilo ndilo lilistahili asubuhi nzima, si mazulia.

Chehel Sotun, jumba la kifalme penye mchoro mkubwa wa vita vya Chaldiran vya 1514, ambako mizinga ya Waosmani iliwavunja wapanda farasi wa Ismail, tulipitishwa mbio mbio.

Nawapa nyota tatu. Chukua siku ya kwanza peke yake kama watakubali, Chehel Sotun nenda mwenyewe, tiketi inakatwa mlangoni. Na kabla hujalipa, waulize kama duka la mazulia limo.