Simu ya kioo na alumini: mezani malkia, mkononi bubu

Nianze na sifa, maana zipo. Simu ni nyembamba, mgongo wa kioo, ukingo wa alumini uliosuguliwa mpaka unateleza kidoleni. Kamera haitii ukungu picha za usiku, na chaji inanifikisha saa nne za usiku hata mwisho wa mwezi, wakati foleni ya watu wa kutoa hela haikatiki. Niliichukua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa laki sita na themanini, na kwa bei hiyo sioni skrini ya kuizidi. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu simu za umbo hili zimejaa mjini na ninachokisema hakiihusu moja tu.

Mimi ni wakala wa pesa. Ofisi yangu ni kontena huko Goba, chini mteremkoni, na kontena ni chuma pande zote. Kazi yenyewe haina makuu: mteja anataja namba, natuma, meseji inaingia, anaondoka. Simu naishika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una kalamu ya daftari la miamala. Basi napiga menyu ya *150, inazunguka, inazunguka, halafu inaniletea lile tangazo la tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI. Msimbo ni ule ule niliopiga asubuhi ukakubali.

"Shangazi, hela yangu imeenda wapi?"

Haijaenda popote, ndiyo shida yenyewe.

Nikaiweka simu juu ya meza, nikabonyeza kwa kidole kimoja bila kuishika. Muamala ukapita. Nikaiinua kushoto, ukagoma. Nikahamia mkono wa kulia, ukapita kwa kusuasua. Hapo nikaacha kuulaumu mtandao nikaanza kuitazama simu.

Nilipoirudisha, kijana wa dukani aliniambia, "Dada, hiyo simu haina tatizo, tatizo ni mtandao wa huko kwenu." Akainyanyua, vistari vyote vya mtandao vimejaa. Ni kweli vilijaa. Aggrey minara iko karibu, hapo hata simu mbovu itajaa vistari. Jirani yangu wa saluni yeye akasema ni feki. Nikapiga *#06#, nikaituma ile namba ya IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, kwenda 15090, utaratibu ule uliotangazwa sana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya simu bandia kuzimwa Juni 2016, na jibu likaja na jina la toleo lenyewe. Simu ni halisi. Udhaifu wake nao ni halisi, umetoka nao kiwandani.

Vistari msiviamini. Kila kampuni inavichora kwa kanuni yake. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utakuta namba ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mtandao unaoifikia simu. Ni namba hasi, kwa hiyo ikiwa -70 uko vizuri, ikikaribia -120 unaning'inia. Kwangu kontenani, simu ikiwa mezani inasoma -103. Ikiwa mkono wa kushoto, -117. Inaonekana tofauti ndogo, lakini kipimo hiki kila kikishuka kumi, nguvu inayobaki ni moja ya kumi. Kushuka 14 maana yake mkono wangu unakula karibu yote na kubakiza kama sehemu moja ya ishirini na tano. Kariakoo nilipima pia, nje ya duka: -71 bila kushika, -85 nikiwa nimeshika. Mkono umekula kiasi kile kile, na vistari havikutikisika hata kimoja. Ndiyo maana yule kijana haoni kitu.

Chanzo chake kinaeleweka. Chuma hakipitishi mawimbi, kwa hiyo anayetaka simu ya chuma hulazimika kuugeuza ukingo wenyewe kuwa antena, akiukata vipande kwa vile vistari vyembamba vya plastiki unavyoviona pembeni. Kiganja cha mtu kina maji na chumvi. Kikilala juu ya mkato ule, antena inahama kwenye masafa iliyotengenezewa. Na kwenye simu hii mkato mmoja uko chini kushoto, mahali hasa panapokaa kiganja cha mtu anayeandika kwa mkono wa kulia.

Na hili lilishatokea hadharani. iPhone 4 ilipotoka Juni 2010 ilikuwa na ukingo wa chuma cha pua uliokuwa antena, na pengo lake lilikuwa hapo hapo, chini kushoto. Watu walipolalamika, Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, alimjibu mteja mmoja aepuke tu kuishika hivyo. Mwezi uliofuata Apple wakakiri kwamba kanuni yao ya kuchora vistari ilikuwa na makosa, inaonyesha vingi kuliko mtandao uliopo. Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, wakakataa kuipendekeza, na tarehe 16 Julai Jobs akatangaza kava za bure. Waliokaa penye mtandao mzito hawakuelewa kelele zote zile zilikuwa za nini. iPhone 4S ya mwaka 2011 ikaja na antena mbili, simu inachagua yenyewe ile isiyozibwa.

Mdogo wangu anayo simu kama hii, anafanya kazi Mikocheni, na tumeshabishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema, "Dada, siku hizi nani anapiga simu? Waifai iko kila mahali, simu ni kamera na skrini." Kwake yuko sahihi, sibishi. Ana mtandao wa kuchezea, mkono ukila sehemu kubwa kinabaki cha kutosha. Mimi sina cha ziada. Wanaosifia simu hizi mitandaoni nao wengi wanakaa kama yeye, penye minara. Bei ya huo urembo tunailipa sisi wa mabondeni, wa kontena, wa nyumba za nondo nyingi, na hakuna aliyetuuliza.

Kitochi changu cha plastiki, chenye laini ya mtandao ule ule, hakigomi. Niseme haki: kinatumia 2G, ambayo huku kwetu inapenya kuta vizuri zaidi, wakati simu ya kupangusa inang'ang'ania 4G. Kwa hiyo niliifunga simu mpya kwenye 2G nayo, nikajaribu tena. Ikawa afadhali mezani. Mkononi ikagoma vile vile.

Kilichosaidia ni kava nene ya raba ya elfu tano, inayokiweka kiganja mbali kidogo na chuma. Kushoto sasa inasoma -110, menyu inapita mara nyingi, si zote. Ila kava hiyo imefunika kioo, imefunika alumini, imefunika kila nilichokilipia. Kava yenye bamba la chuma la kushikia kwenye gari msiijaribu, kwangu iliharibu kuliko mkono.

Ukienda kununua, usiijaribu simu mlangoni. Ingia nayo ndani kabisa, stoo ikibidi, fungua ile namba ya dBm, ishike unavyoshika ukiwa kazini, uone inashuka kiasi gani. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Miamala nimeirudisha kwenye kitochi. Hii naiuza laki nne na nusu, boksi lipo, chaji yake ipo, haina mkwaruzo kwa sababu ya kava. Wa Mikocheni na Posta nitawapa kipaumbele.