Rigi ya begani: kabla ya kulipa, angalia nyuma

Malalamiko ya wapiga video wa harusi yanafanana: rigi, yaani fremu ya kubebea kamera begani, imenunuliwa, dakika kumi za kwanza shwari, baada ya hapo vifundo vya mikono vinatetemeka na picha inakwenda kwa mawimbi. Wengi wanalaumu mishikio, wanaikaza hadi meno yake yanalika. Kosa liko nyuma ya bega, ambako hakuna kitu.

Piga hesabu. Kamera, lenzi na kipaza sauti jumla kilo 2, vikikaa sentimita 20 mbele ya bega, vinadai uzito wa kilo 1 sentimita 40 nyuma yake ili visawazike. Rodi ya nyuma, yaani fito la chuma linalobeba uzito huo, ikiwa ya sentimita 20 tu, utahitaji kilo 2, na bega litakushtaki jioni. Kwa hiyo rodi ndefu kwanza, uzito baadaye. Jaribio dukani: weka rigi begani, legeza mikono bila kuitoa. Pua ya kamera ikizama, hiyo bado si rigi.

Miaka ya 1970 Jean-Pierre Beauviala wa Aaton, kampuni ya kamera za filamu kule Grenoble, Ufaransa, alitaka kamera ikae begani kama paka. Kipimo ni hicho.

Chaguo langu la kwanza ni kampuni ya SmallRig, na sijifanyi sina upande. Unanunua kipande kimoja kimoja: pedi ya bega, bamba la chini, mishikio miwili, rodi za milimita 15 zinazoungika kwa skrubu ya M12 (kipenyo cha milimita 12). Umbali wa milimita 60 kutoka katikati ya rodi moja hadi katikati ya nyingine ni wa kawaida, kwa hiyo vipande vya kampuni nyingine vinaingia. Nyuma weka betri ya V-mount (betri kubwa ya kamera inayonasa kwenye bamba lenye umbo la V) ya saa-wati 98: inaongeza uzito na inalisha kamera. Ila hakikisha kebo inashusha volti 14.4 hadi zile za kamera yako, la sivyo unaunguza kamera.

Ya pili ni Zacuto ya Chicago. Mfumo wao wa Recoil unarudisha kamera juu ya bega na kupeleka kioo cha kutazamia mbele, hivyo hitaji la uzito wa nyuma linapungua sana. Ni fikra bora kuliko zote hapa, na bei yake inajua hivyo. Unaweza kuiga: sogeza kamera nyuma, funga monita ya inchi 5 mbele kwenye rodi.

Tilta ni ya tatu, imara, inayomfaa mwenye kamera nzito ya sinema. Seti za bei ya chee zenye vibano vya plastiki, pita.

Sasa wauzaji. Picha ya tangazo ina uzito wa nyuma. Boksi ukilifungua, haumo, na ukiuliza unaambiwa "huo unauzwa peke yake". Kipande cha chuma kinauzwa kama vito! Nenda kwa fundi wa vyuma, akukatie bamba la sentimita 10 kwa 10, unene milimita 12. Ni takriban gramu 940. Atoboe matundu mawili, ulifunge kwenye kibano cha rodi kwa skrubu za robo inchi, na uweke washa ya mpira katikati ili lisigonge na kuingia kwenye sauti.